Hela ya TASAF kwa wenye watoto wadogo, nilivyoiona mimi huku Kilolo, Iringa

Kamwene wapendwa. Naona wengi mnauliza kama ule mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini unamsaidia kweli mama mwenye mtoto mchanga au ni jina tu, sasa mi nimekuwa mlengwa tangu 2015, kijiji cha juu huko ukishapita Ilula, ngoja niseme nilichokiona.

Naingia nilikuwa na wa miezi saba mgongoni na wawili wako msingi. Viwango vya kipindi kile kwa mwezi: ruzuku ya msingi elfu 10, elfu 4 kwa sababu kaya ina watoto, elfu 4 nyingine kwa huyu wa chini ya miaka mitano ukitimiza kliniki, na elfu 2 kwa kila mwanafunzi wa msingi anayehudhuria. Yangu ikaja 22,000, na dirisha, yaani awamu ya malipo, linafunguliwa kila baada ya miezi miwili kwa hiyo nashika 44,000 kwa mpigo. Awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020 na viwango vikabadilika, msije mkazishika hizi mkaenda nazo kwa mtendaji wa kijiji leo.

Najua kuna atakayesema hiyo ni hela gani. Jamani kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha kuchuma nyanya, tena nyanya zenyewe za msimu, hiyo ni hela. Dirisha la kwanza nilinunua mitetea miwili na debe la mahindi, nikabakiza ya sabuni. Mayai sikuuza hata moja. Mama mkwe alininunia wiki nzima, anasema mayai ni ya kuuza mtoto atakunywa uji kama wenzake, nikamwambia mama hii hela imetoka kwa ajili ya huyu mtoto acha ale. Na sikuwa nabisha tu, huku kwetu mahindi tunayo, viazi tunavyo, lakini takwimu za afya za taifa za 2022 zinasema Iringa udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni karibu asilimia 57 wakati nchi nzima ni 30! Tunalisha miji halafu wetu tunawajaza uji mweupe.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni lile sharti la kliniki, ingawa mwanzo lilinichosha. Mpaka miaka miwili ni kila mwezi, baada ya hapo kila miezi sita. Kushuka zahanati na kupanda na mtoto mgongoni kwenye ule utelezi wa masika siyo mchezo. Lakini bila lile sharti nisingeenda, nasema ukweli. Siku ya kwanza nesi alimning'iniza kwenye mzani, akaweka nukta kwenye kadi, nukta ikakaa kwenye kijivu, rangi ya uzito pungufu. Nililia pale pale kwenye benchi. Mwezi wa tano wa kwenda kliniki ikapanda kijani na haikushuka tena.

Sasa kasoro. Zamani malipo yalikuwa mkononi, mnaitwa ofisi ya kijiji, jina linasomwa, kiasi kinasomwa, unaweka dole gumba mbele ya wenzako, kila mtu kasikia mama fulani kapata ngapi. Baadaye mi nikawa napokea kwenye simu, na simu nyumbani ilikuwa moja, laini ya jina la mume. Dirisha moja meseji iliingia akiwa mnadani, akaenda kutoa kwa wakala mmoja wa huko, yule wakala akachukua elfu 3 juu ya makato ya kawaida eti ya usumbufu, iliyobaki ikafika nyumbani nusu. Mtoto hakujua lolote, yeye aliona tu mayai hayapo. Kwa hili sina msamaha, hela ya mtoto inapaswa ifike kwenye mkono wa mama anayempikia, na simu imerahisisha kwa mwenye simu tu.

Mi naipa nyota nne. Mnaoingia sasa hivi, fuatilia namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) mapema usajili laini kwa jina lako mwenyewe hata kama simu utaazima, na wakala akikata zaidi rudi na mtu wa kamati ya TASAF ya kijiji siku hiyo hiyo, mi nilichelewa siku nne nikaambiwa hakuna ushahidi. Kadi ya kliniki ifunge kwenye nailoni, mvua za huku mnazijua.