Chambers, kamusi nene ya jalada jekundu: maoni ya msahihishaji prufu wa Nasser Road

Mimi husahihisha prufu, yaani nakala za majaribio kabla ya kuchapwa, Nasser Road, Kampala, kwenye chumba kilicho juu ya mashine za kuchapa. Mezani kwangu hupita kadi za harusi, vijitabu vya ibada za mazishi, kalenda za shule, ripoti za mashirika na tasnifu za Makerere zinazosubiri kujalidiwa. Karibu zote ni za Kiingereza. Ubishi wake lakini tunaufanya kwa Kiswahili, kwa sababu chumbani tuna watu wa Arua, wa Bombo, wa Busia na Mkongo mmoja, na lugha inayotukutanisha sote ni hiyo. Ubishi unaorudi kila wiki ni wa tahajia: hivi walivyoandika wazee bado ni sawa, au wakati wake umepita?

Mwamuzi wetu ni The Chambers Dictionary, toleo la 1993. Niliipata mtumba kwa muuza vitabu wa kando ya barabara karibu na Old Taxi Park, kwa shilingi 70,000 baada ya kupatana. Naiandikia maoni haya kwa sababu watu hunipigia simu kuuliza wanunue kamusi gani ya ofisini, na jibu langu ni refu kuliko muda wa maongezi.

Kamusi hii ilizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1901, kwenye kampuni ya uchapishaji iliyoanzishwa na ndugu wawili wa ukoo wa Chambers. Tangu hapo imekuwa na tabia ya kutotupa maneno. Kamusi nyingi za juzuu moja huondoa neno likizeeka ili lijalo lipate nafasi. Chambers humwacha mzee akae, ila humwandikia umri wake. Hiyo ndiyo sifa ninayoilipia, na nitaieleza vizuri kwa sababu wengi wanaiona kamusi hii mezani kwangu wakafungua na kufunga bila kujua inawaambia nini.

Kila tahajia ya pili huwekwa pamoja na ile ya kwanza, na mara nyingi hufuatwa na alama. Ukiona obs, umbo hilo limekufa: hakuna anayeliandika leo, utalikuta tu katika maandishi ya karne za nyuma. Ukiona archaic, ni la kale ila linapumua bado, kanisani, kwenye mashairi, katika lugha ya sheria. Ukiona jina la mshairi limefupishwa, mfano Shakesp (Shakespeare) au Spens (Edmund Spenser wa karne ya 16), ujue ni umbo la kwake na watu wa zama zake. Ukiona US, ni la Marekani. Na ukikuta tahajia mbili zimeunganishwa na or bila alama yoyote, zote mbili ni halali, na mtu hana haki ya kukukatia mojawapo kwa wino mwekundu.

Wino huo mwekundu tunaujua. Mwanafunzi mmoja alileta tasnifu yake ikiwa imezungushiwa kila realize na kila organize, na pembeni msimamizi ameandika kwamba huo ni Umarekani. Binti alikuwa amechoka sana.

“Mwalimu, nibadilishe zote?”

“Subiri kwanza, mwanangu. Tuangalie.”

Chambers inazikubali -ise na -ize. Tena, kati ya hizo mbili, ile ya z ndiyo iliyo karibu zaidi na asili, kwa kuwa kiambishi hicho kilitoka Kigiriki kikapitia Kilatini. Ile ya s iliingia kwa mkono wa Kifaransa. Oxford, ambayo hakuna anayeweza kuiita ya Marekani, imeandika z katika kamusi yake kubwa tangu sehemu ya kwanza ilipotoka mwaka 1884, na bado inaandika z. Umoja wa Mataifa nao hufuata mtindo huo. Tazama jina la shirika la kazi la Geneva: International Labour Organization. Labour ina u ya Uingereza, Organization ina z, na jina ni moja. Au tazama magari ya Shirika la Afya Duniani yanayopita hapa mjini: Organization, kwa z. Nimesahihisha barua nyingi zilizotumwa kwa shirika hilo na jina lake limeandikwa kwa s. Hilo ndilo kosa, kwa sababu jina la mtu au la taasisi huandikwa kama mwenyewe anavyoliandika. Kwa sababu hiyo hiyo chama cha Labor cha Australia hakina u, ingawa Waaustralia wakiandika neno hilo kama neno la kawaida wanaitia.

Yapo ambayo hayana hiari: advertise, exercise na surprise ni s siku zote, na analyse ya Uingereza pia ni s. Anayegeuza zote kwa kitufe kimoja cha kompyuta huharibu hizi.

Yule binti nilimwambia aulize mwongozo wa idara yake unasemaje. Kama unataka s, aweke s kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini alikuwa hajakosea, na nilitaka aondoke akijua hivyo.

Kesi nyingine ilikuja na kijitabu cha mazishi. Familia ilitaka Zaburi 16:11 kutoka Biblia ya Kiingereza ya King James, ambayo husema shew pale tunaposema show. Kompyuta ilipiga mstari mwekundu chini yake, kijana wetu wa kupanga kurasa akaibadilisha. Mzee wa familia alipokuja kutazama prufu aliweka kidole palepale: “Kijana wangu, mbona mmegusa Neno?” Nilisimama upande wa mzee. Chambers inaiweka shew kama umbo la zamani la show, na nukuu huchapwa jinsi ilivyo. Barua yako mwenyewe andika show. Maneno ya mwingine usiyanyoe.

Hapo kuna jambo ninalopenda watu walijue. Biblia hiyo tunaiita ya 1611, lakini tahajia iliyo katika nakala tunazonunua leo kimsingi ni ile iliyonyooshwa Oxford mwaka 1769 na msomi Benjamin Blayney. Chapa ya 1611 yenyewe iliandika Sonne badala ya Son, na loued badala ya loved, kwa kuwa wachapaji wa wakati ule walitia u katikati ya neno pale ambapo sisi tunatia v. Kwa hiyo hata anayetetea tahajia ya kale kanisani anatetea tahajia iliyokwisha kusahihishwa mara moja. Haimpunguzii haki yake juu ya shew. Inatuonyesha tu kwamba umri peke yake haumalizi kesi.

Samuel Johnson katika kamusi yake ya 1755 aliandika musick na publick, kwa k mwishoni. Yamekufa. Humo humo aliandika colour na honour, na hizo zinaishi nasi, wakati Noah Webster wa Marekani aliziondoa u katika kamusi zake, ile ndogo ya 1806 na ile kubwa ya 1828. Lakini honor bila u si uvumbuzi wa Webster: mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa London mwaka 1623 una honor na honour pia. Program ni hivyo hivyo. Watu hudhani Wamarekani ndio waliokata mkia wa programme, kumbe Waingereza waliandika program kwanza, kisha katika karne ya 19 wakafuata umbo la Kifaransa. Kwenye jalada la kijitabu cha ibada hapa Uganda naacha programme, kwa kuwa ndilo wasomaji wetu wanalolijua.

Mengine ni mepesi. Judgment bila e ni sahihi, na ndiyo tahajia ya kawaida ya mahakama za Uingereza na zetu. Karani wa wakili asikubali mtu amtilie e kwenye kichwa cha hukumu. Gaol na jail ni neno moja lililoingia kwa milango miwili ya Kifaransa, na kwa gazeti la leo ningechagua jail. Daftari la despatch liandikwe vyovyote, e au i. Connexion imebaki kwa Wamethodisti, wanaoliita kanisa lao la Uingereza hivyo. Kwingine andika connection.

Sasa kasoro zake, na si ndogo. Maneno yaliyozaliwa na neno moja yamerundikwa chini ya mama yao katika aya moja ndefu, kwa hiyo usipojua mama huyo ni nani utatafuta mpaka uchoke. Herufi ni ndogo mno; jioni umeme ukikatika siisomi kwa tochi ya simu. Matamshi hayatumii alama za kimataifa, yana mtindo wake. Mifano ya sentensi ni michache, na picha hakuna. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa P7 (darasa la saba) au S4 (kidato cha nne) haitamsaidia, itamtisha. Mnunulieni kamusi ya wanafunzi yenye sentensi kamili. Toleo langu pia halina maneno ya intaneti yaliyokuja baada ya 1993.

Je, programu ya kuandikia kwenye kompyuta haitoshi? Ukiiweka kwenye Kiingereza cha Uingereza, Word hukubali realise na realize, hilo ni zuri. Ila hupiga mstari tu, haisemi kama neno limekufa, ni la kale au ni la nchi nyingine. Na kompyuta nyingi zinazoletwa dukani kwetu zimewekwa Kiingereza cha Marekani bila mwenyewe kujua, zikipiga mstari colour ya watu.

Ninawashauri makarani wa mawakili, wachapaji na walimu wa Kiingereza wa sekondari wainunue. Mtumba unatosha. Kabla ya kulipa, ifungueni katikati mtazame uti wa gundi, kwa kuwa kitabu kina zaidi ya kurasa 1,500 na karatasi yake ni nyembamba. Kisha hakikisheni herufi S ipo yote, maana ndiyo ndefu kuliko zote na nimeona nakala mbili sokoni zilizochanika hapo.