Sufuria ya kusubu juu ya sigiri: kuku wa kuokwa kwa sahani moja

Kwa mlo wa kuokwa wa mtu mmoja, sufuria nzito ya alumini ya kusubu (ya alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), ya sentimita 20 hivi, inashinda oveni ya umeme inayopasha nafasi kubwa kwa paja moja la kuku. Sufuria nyembamba ya bati usiiguse, itaunguza chini kabla nyama haijaiva.

Kagua mfuniko kwanza. Uwe bapa wenye ukingo, la sivyo makaa yanayowekwa juu yake yanateleza na majivu yanaingia kwenye chakula. Hapa ndipo sufuria nyingi zinaposhindwa.

Robo ya kuku wa kizungu, gramu 300 hivi, ikaushwe vizuri na kupakwa chumvi. Ngozi yenye maji haikauki, inatokota tu. Viazi viwili vikate, vichemshe dakika 8, vimwage maji (bakisha nusu kikombe) kisha vitikise mpaka kingo zikwaruke. Pasha vijiko viwili vya mafuta ndipo uvipange, kuku juu. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Dakika 45, bila kufunuafunua. Kuku wa kienyeji achemshwe kwanza, walau nusu saa.

Mchuzi: kijiko cha chai cha unga wa ngano kwenye mafuta yaliyobaki, kisha yale maji ya viazi. Sigiri ikae nje. Moshi wa makaa ndani ya chumba unaua.

Alama: 4 kati ya 5. Mshikio wa mfuniko unachoma mno.