Cheti cha CSCS kwa Makocha wa Nguvu na Utimamu wa Mwili

Cheti cha CSCS (Certified Strength and Conditioning Specialist, yaani mtaalamu aliyethibitishwa wa nguvu na utimamu wa mwili), kinachotolewa na NSCA, chama cha Marekani cha wataalamu wa fani hiyo kilichoanzishwa mwaka 1978 na Boyd Epley, kocha wa nguvu wa Chuo Kikuu cha Nebraska, kinastahili gharama yake kwa yeyote anayetaka kuwaandaa wanamichezo wa vyuo vya Marekani. Mtihani una sehemu ya sayansi na ya vitendo, na hii ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa mtahiniwa huonyeshwa video na kutakiwa kupima ufundi wa mnyanyua vyuma, kazi ambayo kocha huifanya kila siku. Hata hivyo, cheti hakimfundishi mtu kuongoza ukumbi uliojaa vijana waliochoka. Ujuzi huo, kwa maoni yangu, hupatikana katika mafunzo kazini chini ya kocha mzoefu.