Usinunue Kiti cha Mishkaki: Pikipiki Kuukuu za Kumtengenezea Anayeanza

Siku ya tatu tu mdogo wangu aliangusha pikipiki akiwa amesimama. Hakugongwa wala hakuteleza. Alikuwa kwenye mteremko mdogo akisubiri lori lipite, akashusha mguu, mguu ukakosa ardhi. Mkono wa klachi ukakatika, kioo cha pembeni kikapasuka, naye akaniambia, "Dada, mimi hii siiwezi." Anaiweza sana. Aliyekosea ni mimi niliyeinunua.

Niliikagua kama wanavyokagua wote: injini inaitika kiki ya kwanza, haitoi moshi, kadi inalingana na namba ya chesisi. Hayo utaambiwa na kila mtu, sina haja ya kuyarudia. Nilichosahau ni kiti.

Pikipiki nyingi zilizotumika zimetoka kwenye bodaboda, na bodaboda anaishi kwa mishkaki, yaani kupakia abiria wawili kwa mpigo. Kwa hiyo mwenye nayo hupeleka kiti kwa fundi kiongezwe sponji, kirefushwe, kipanuliwe mpaka kwenye tangi. Abiria wawili wanakaa raha mustarehe. Anayejifunza, mwenye futi tano na kidogo, anatanua mapaja kama aliyepanda punda mwenye mimba, na kadiri mapaja yanavyokwenda pembeni ndivyo miguu inavyokuwa mifupi. Ndiyo maana kimo cha kiti kinachoandikwa kwenye makaratasi hakinishughulishi. Mimi napima upana wa kiti pale kinapokutana na tangi. Nenda na tepu ya fundi cherehani, muuzaji acheke akitaka. Kisha vaa viatu utakavyoendeshea, kaa, uone kama nyayo za mbele za miguu yote miwili zinakanyaga chini bila kuuinamisha mwili.

Kati ya pikipiki za kumfaa anayeanza, ya kwanza kwangu ni Honda CG125, na upendeleo wangu siufichi. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya watu ambao pikipiki yao haiendi gereji mpaka izime. Ndani ya injini hakuna cheni ya kuzungusha kemshafti (mhimili unaofungua valvu) juu, kuna vijiti vinavyosukuma valvu, basi. Wachina waliiga injini hiyo miaka mingi, ndiyo maana spea zake, au zinazoingiliana nayo, hazikosekani. Ni nyepesi, tangi lake jembamba, kiti kimebana mbele. Angalia taa tu: zile za zamani sana zina umeme wa volti 6, na usiku mwanga wake ni wa kibatari.

Ya pili ni Boxer au TVS HLX. Injini sina neno nazo, na fundi wake yupo mpaka kijijini. Lakini ukinunua iliyopiga boda, weka pembeni hela ya kiti kabla hujaweka ya rangi na stika. Mwambie fundi akate sponji kwenye mabega mawili ya mbele, asiguse juu. Wengi hukimbilia kupunguza juu, halafu baada ya mwezi unakalia bati. Wangu alinikatalia kabisa: "Dada, ukikipunguza utashusha bei ya kuiuza." Mtu hajaanza hata kuiendesha!

Yamaha DT125 na Honda XL125, zile alizozoea bwana shamba, naziweka mwisho ingawa naona vijana wanazililia. Kiti chake chembamba, nakubali, ila kipo juu mno. Watakwambia zinashushwa. Zinashushwa, ndiyo: unapandisha bomba za shokapu za mbele kwenye kishikio chake, unaweka shokapu fupi nyuma. Hapo stendi ya pembeni inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki inasimama wima na upepo mdogo unailaza; kwenye shimo tairi linasugua madigadi; na mkazo wa cheni lazima upimwe upya. Na DT inachoma oili pamoja na petroli, nguvu yake inachelewa halafu inakuja yote kwa mpigo. Kwa anayeanza, hapana.

Za Kichina za bei ya chini: kagua kama fremu imewahi kukatika ikachomelewa, ukiikuta nzima ni bahati yako.

Sasa wauzaji. Kila pikipiki sokoni "ilikuwa ya mwalimu wa kike, anaenda nayo kanisani Jumapili." Huyo mwalimu ana pikipiki ngapi? Wangu nilipomuuliza kiti cha awali kiko wapi, akasema kipo, ila kinauzwa peke yake. Shilingi elfu sabini! Yaani nilinunua pikipiki, kisha ninunue na pa kukalia. Mkono wa klachi nao nilitajiwa bei tatu kwenye maduka matatu yaliyopakana, boksi lile lile, na wote wakaapa ni orijino.

Mdogo wangu sasa anaendesha CG, tulichobadilisha ni usukani mpana kidogo na mkono wa klachi unaofikika kwa vidole vyake vifupi. Ile ya kwanza niliiuza kwa hasara ya laki tatu. Aliyeinunua ni kijana wa kijiweni. Hakuuliza injini. Alikipiga kiti kofi mara mbili, akakaa, akamwita mwenzake apande nyuma, kisha mwingine tena, akacheka: "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta."