TAHADHARI: Katriji za Super 8 "za friza" zinazouzwa Lindi na Mtwara

Ndugu zangu wapiga picha wa kusini, hasa ninyi mnaohangaika kutafuta mikanda ya sinema ya zamani: kuna mtu anauza katriji za Super 8 (vikasha vya mkanda wa kamera ndogo za sinema) anazodai hazijatoka kwenye friza tangu ziliponunuliwa. Nimechukua kwake kumi kwa shilingi 450,000. Nimeshafungua nane na sina hata picha moja ya kumwonyesha mtu. Jina lake siliweki hapa kwa sababu suala liko polisi na RB nimeshakata, ila mchezo wake nausema wote.

Alinitumia picha kwenye simu. Friza imefunguliwa, upande mmoja mifuko ya pweza, upande wa pili maboksi ya Ektachrome 64T, mkanda wa rangi wa Kodak, yameota barafu. Akasema yaliachwa na padri mmoja wa misheni aliyerudi kwao, na kwamba tangu 2009 hayajaonja joto. Ile barafu ndiyo iliyoniuzia. Nilikuja kuwaza baadaye, hela imeshakwenda, kwamba barafu ya namna ile huota kwa usiku mmoja. Picha ile ilikuwa ushahidi wa jana tu. Na sisi wa huku tunaujua umeme wetu. Friza gani ya Lindi au Mtwara imepita miaka yote hiyo bila kuyeyuka?

Mzigo ulikuja kwa basi kutoka Lindi, bila maboksi, kila katriji ndani ya foili ya fedha. Maboksi nilipoyaulizia akasema yalilowa akayatupa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama, kwa sababu tarehe ya mwisho ya kutumia na namba ya toleo nilitegemea kuziona kwenye boksi. Nilipochana foili ya kwanza nikasikia harufu ya korosho za kukaanga. Nikadhani ni jikoni kwangu. Siku nyingine nikaichukua ile foili nikailaza karibu na pakiti halisi ya Kodak niliyokuwa nayo. Mshono wa pakiti ya kiwandani ulikuwa umenyooka na upana wake ni mmoja mwanzo hadi mwisho. Huu wa kwake ulikuwa umepigwa mara mbili, umepinda kidogo pembeni, kama zinavyozibwa pakiti za korosho pale sokoni kwa kile kimashine cha moto. Na ni foili ileile, ndugu zangu. Mtu ameketi mahali akafungasha katriji kuukuu kwenye mifuko ya korosho.

Mimi nilikuwa na haraka. Mjomba wangu wa Mikindani alikuwa anashua jahazi alilolijenga kwa karibu miaka miwili, na chombo hakishuliwi mara mbili. Nikaenda na katriji tano. Watu wameshika kamba, wanaitikia wimbo, jahazi linaanza kuteleza juu ya magogo, nami jicho liko kwenye kamera. Ghafla mota inazunguka lakini mkanda hautembei. Nikatoa katriji, na pale kwenye kidirisha chake neno limechapwa juu ya mkanda wenyewe: EXPOSED. Wanaojua Super 8 wanajua maana yake. Mkanda umefika mwisho, umeshapigwa wote. Katriji nzima ina futi 50, yaani mita 15 hivi, na kwa kasi ya picha 18 kwa sekunde inakupa dakika 3 na sekunde 20. Ile ilinipa kama sekunde 40. Mtu alikuwa ameshaitumia, akaitoa, ikarudishwa kwenye foili. Kamera haikuweza kunionya, kwa sababu kihesabu futi chake hurudi sifuri kila unapobadilisha katriji. Nilipopachika ya pili, jahazi lilikuwa linaelea.

Hizo tano nilizipeleka Ujerumani kusafishwa. Zimerudi na picha iliyofifia kama kanga iliyofuliwa mpaka ikachoka. Panapotakiwa kuwa peusi pamekuwa kijivu chenye ukijani, na madoa yametapakaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maabara hawana kosa. Joto na unyevu vilishaila dawa ya mkanda kabla sijaugusa. Mjomba aliniuliza picha ziko wapi, na mpaka leo sijampa jibu la maana.

Tatu nyingine zilikuwa Kodachrome 40, mkanda mwingine wa rangi wa Kodak, wala hazikuwa Ektachrome tuliyokubaliana. Hapa naomba tusikilizane vizuri, hasa vijana wanaoanza. Kodachrome ya Super 8 iliacha kutengenezwa 2005. Maabara ya mwisho duniani iliyokuwa inaisafisha, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas, ilifunga kupokea mikanda hiyo tarehe 30 Desemba 2010. Hata kama imelala kwenye barafu kama samaki tangu kiwandani, rangi zake hazitoki tena. Ukibahatika utapata nyeusi na nyeupe. Mtu akikuuzia Kodachrome kwa bei ya mkanda wa rangi, anakuibia hata kama hadithi ya friza ni ya kweli.

Sisemi mikanda ya zamani yote ni takataka. Mkanda wa kasi ndogo, yaani unaohitaji mwanga mwingi, uliokaa kwenye baridi kweli unaweza kutoa picha safi, nimewahi kuziona na ndiyo maana nilishawishika. Ila friza haizuii kila kitu. Mionzi ya asili inapenya, na mikanda ya kasi kubwa kama 500T ndiyo inayoumia mapema. Hiyo ikiwa na umri wa miaka 15 mimi siigusi, hata muuzaji aape.

Kwa sasa nikikutana na muuzaji, nataka boksi lenyewe na namba ya toleo. Nataka anionyeshe kipande kilichosafishwa kutoka toleo hilohilo. Asipokuwa nacho, nanunua moja tu, naipiga, naisafisha, halafu ndiyo tuongee habari ya zilizobaki. Nainusa pia, maana mkanda unaooza hutoa harufu ya siki. Hela haitangulii.

Namba yake ya simu haipatikani tena, lakini nimesikia yuko mtu Masasi ameletewa picha ya friza inayofanana sana na ile. Muuzaji huyo akikupigia, tuma namba anayotumia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na uniandikie. Na kama umeshanunua kwake, usichane foili. Piga picha ya mshono ukiwa bado mzima, mbele na nyuma. Mimi zangu mbili sijazifungua, zipo kama zilivyokuja, na tukizilinganisha polisi watakuwa na kitu cha kushika.