Fundi wa tangi la samaki: mkasi nyota tano, filta sifuri

Nilishampa nyota mbili, nikarudi nikafuta moja, na sijui nikifika mwisho wa maelezo haya zitakuwa zimebaki ngapi. Huduma yenyewe ni ya duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar: fundi anakuja nyumbani na ndoo zake, anasafisha tangi, anachukua chake anaondoka. Bei sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wa dakika kama kumi alizosimama kwenye sinki la jikoni.

Tangi ni la sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Ukitoa mchanga na magogo, maji halisi ni kama lita 120. Lilikuwa limetelekezwa miezi mingi. Taa inawaka saa 12 kwa siku, maji yanaongezwa yakipungua lakini hayabadilishwi, filta haijafunguliwa tangu sijui lini. Najua kuna atakayesema kosa ni langu. Ni langu, ndiyo. Lakini nani anamwita fundi bomba kwa bomba zima?

Mwani ulikuwa wa namna tatu, na hapo ndipo tulipoanza kutoelewana. Kwenye majani ya anubias, mmea wa majini, na kwenye gogo kulikuwa na ndevu nyeusi, zile zinazong'ang'ania hata ukizivuta jani linachanika. Kwenye kioo, vidoa vya kijani vigumu kama rangi iliyorukia. Chini, pale mchanga unapogusana na kioo, utando wa kijani cha buluu unaobanduka kama shuka na kunuka udongo mbovu. Huo wala si mwani, ni sayanobakteria, aina ya bakteria. Kila kimoja kina chanzo chake na dawa yake. Kwake yeye vyote vilikuwa "uchafu tu, bosi".

Haki yake nimpe, maana anaistahili. Mkono wake kwenye mimea ni wa kinyozi. Majani ya anubias yaliyojaa ndevu zaidi ya nusu aliyakata kwenye kikonyo, karibu kabisa na shina lile la kulala, wala hakuacha vipande vya kuozea ndani. Mimea ya mashina marefu aliikata vichwa, akang'oa sehemu ya chini iliyochakaa, akapanda vichwa vile upya. Vidoa vya kioo alivikwangua kwa wembe, akiuinua kabla haujafika mchangani, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya wembe inatosha kuchora mstari usiofutika.

Na ndevu zilizobaki alizitibu inavyotakiwa, kwa haidrojeni peroksaidi ya famasi. Ya asilimia 3, mililita 50 kwa tangi zima la lita 120, asizidishe. (Soma lebo: ikiwa ni ya asilimia 6, ichanganye na maji sawa kwa sawa kwanza.) Unazima filta ili maji yatulie, unavuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unaimwaga polepole ukiwa karibu na jani. Viputo vinaanza kupanda hapo hapo. Dakika kumi, unawasha filta. Baada ya siku tatu ndevu ziligeuka waridi, kisha nyeupe, zikaanza kuliwa na kamba wadogo. Hapa angeishia, ningemwandikia mashairi.

Kulikuwa na chupa ya maji ya buluu isiyo na lebo, nikamzuia. Buluu ya namna ile inaweza kuwa mrututu, yaani chumvi ya shaba. Shaba inaua mwani kweli, na inaua kamba na konokono wote kabla mwani haujaisha. Alinuna lakini aliirudisha mfukoni.

Sasa sinki. Nilimwambia kabla hajaanza kwamba nimepima maji: pH, kipimo cha tindikali ya maji (ikishuka, tindikali inazidi), iko chini ya 6, na kipimo cha amonia kimetoa kijani, maana yake ipo. Akasema maji ni maji. Akaifungua filta, akazitoa sponji na vipete vya kauri, akafungulia maji ya bomba ambayo klorini yake unaisikia puani, akatia na sabuni ya vyombo. Alisugua mpaka vipete vikawa vyeupe kama meno ya mtoto. Akaniitia nione. Kisha akamwaga maji ya tangi karibu yote, akabakiza kina cha kiganja tu cha samaki kujilaza, akajaza ya bomba moja kwa moja.

Mtu anayelipwa kusafisha matangi hapaswi kufundishwa hili na mteja. Ule uchafu wa kahawia kwenye vipete ndiyo filta yenyewe. Ni makazi ya bakteria wanaogeuza amonia ya mkojo na kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Klorini na sabuni zinawamaliza, na kuwarudisha ni kazi ya wiki tatu hadi sita.

Kubadilisha maji yote kwa mpigo ndiko kulikoua, tena kwa haraka. Katika tangi lililotelekezwa, bakteria hao hula kaboneti ya maji, ile inayozuia pH isishuke, mwezi baada ya mwezi, pH inashuka, nao wenyewe wanazubaa. Amonia inalundikana, ila kwa maji yenye tindikali karibu yote inakaa katika umbo la amonia yenye chaji, ambalo samaki wanalivumilia. Kwa nyuzi 25 na pH 6, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 0.1. Pandisha pH hadi 8, kama ya bomba letu nilipolipima, inapita asilimia 5. Kwa hiyo amonia kidogo tu iliyobaki kwenye kile kina cha kiganja, na inayoendelea kuvuja kutoka mchangani, iligeuka sumu mchana uleule, na filta ya kuila haipo tena.

Jioni tetra, samaki wangu wadogo, walikuwa juu ya maji wanahema, matamvua mekundu. Nilimpigia. Nanukuu: "Bosi, samaki si kitoweo? Kesho pita Feri, chukua fungu." Feri ndiko soko la samaki. Akacheka, na nyuma yake nikasikia mwingine anacheka.

Nyota moja ilifutika hapo.

Anayekutwa na hali hii asiwalishe samaki siku tatu, awashe pampu ya hewa usiku na mchana, na abadilishe robo ya maji kila siku akitanguliza dawa ya kuondoa klorini. Aombe na sponji chafu kutoka kwenye tangi la jirani lenye afya, aitie kwenye filta ilivyo. Ile sponji inaokoa kuliko chupa yoyote ya dukani.

Kilichonipandisha hasira zaidi kilikuja kama siku sita baadaye: maji yote yakawa kijani, kama yaliyochemshiwa mchicha. Amonia ya bure, mwanga wa kutosha, mimea imepunguzwa kwa mkasi. Mwani wa kuelea unahitaji nini tena? Yaani nililipa niondolewe mwani wa kwenye majani, nikauziwa wa kwenye maji. Nililifunika tangi kwa blanketi siku tatu, taa imezimwa, hewa inapuliza, bila kuchungulia. Mwani ukafa, nikabadilisha nusu ya maji. Giza hilo lilimaliza na ile shuka ya kijani cha buluu, ambayo fundi aliikoroga tu mchangani badala ya kuinyonya kwa mpira.

Kazi yenyewe ingefanywa hivi: taa ipunguzwe hadi saa sita kwa siku. Maji yabadilishwe asilimia 10 au 15 kila siku kwa wiki mbili, pH ipande taratibu. Filta isiguswe kabisa mpaka hapo, na zamu yake ikifika, sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, vipete viachwe na uchafu wao. Siku ya filta isiwe siku ya kubadilisha maji mengi. Ndoo na subira, basi.

Lakini ile anubias, wallahi, sijawahi kuiona imekatwa vile. Imetoa majani mapya manne hayana hata unywele mmoja wa ndevu, na mashina aliyopanda upya yamejaa mpaka kioo cha nyuma hakionekani. Tena yameshafika juu ya maji, yanataka kukatwa, na mkono wangu hauwezi kazi ile. Nimempigia jana. Nimemwambia aje na mkasi, wembe na sirinji. Ndoo na chupa yake ya buluu aziache dukani, na jikoni haingii. Amekubali, ila ameuliza kama bei ni ileile.

Mbili basi.