Programu ya Kukumbusha Dawa Iliyonisingizia kwa Wanangu

Programu ya simu inayokumbusha dawa ikishindwa kulia, hilo naweza kulivumilia. Lakini ikishindwa kulia, kisha ikamwarifu binti yangu aliyeko Mwanza kwamba mimi ndiye niliyeacha dawa, hapo imenivunjia heshima, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nina presha ya macho, ugonjwa usiouma ambao hula uwezo wa kuona taratibu kuanzia pembeni, na kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Natia matone ya timolol saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na usiku huohuo naongeza matone mengine, latanoprost. Kwa miaka mingi nilijikumbusha kwa taarifa ya habari, mpaka binti yangu alipokuja likizo akaniwekea programu hii, akalipia huduma ya mwaka mzima, na akajiunganisha nayo ili apate ujumbe kila dozi inapopita bila mimi kuithibitisha.

Majuma ya mwanzo niliifurahia mno. Ilihesabu dakika 5 kati ya dawa ya kwanza na ya pili, ili ya pili isiioshe ya kwanza kabla haijaingia, jambo ambalo kliniki hulisisitiza sana, na iliniarifu siku 28 zilipotimia tangu chupa ilipofunguliwa ili niitupe. Wakati huo ningeisifu mbele ya mstaafu yeyote.

Kisha ikaanza kunyamaza usiku. Simu ilikuwa mezani, ina chaji na sauti imefunguliwa, lakini saa mbili ikapita kimya. Taarifa ya habari ilipoanza nilitia dawa zangu kama nilivyozoea, nikalala. Asubuhi binti yangu akapiga: “Shikamoo baba. Mbona umeacha dawa?” Nikamweleza, akaitikia kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia kwa mgonjwa. Usiku mwingine yakawa yaleyale, na haikuchukua muda habari ikafika kwenye kundi la familia, mdogo wangu akanipigia, na mwanangu mkubwa akaanza kuzungumzia kunihamishia kwake Dar es Salaam kwa kuwa sasa nasahau. Mzee akishatajwa kuwa anasahau, kila neno lake linapokelewa kwa mashaka, hata akiwa ndiye pekee aliyekuwepo.

Niliwaandikia wenye programu. Wakajibu kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha mtumiaji hakuitikia, na kwamba nihakikishe simu imewashwa. Nilikuwa nimewaeleza hayo yote katika barua yangu, wala hawakuisoma.

Aliyenieleza ukweli ni kijana mmoja fundi simu, ambaye alinipa kiti na kunisikiliza mpaka mwisho. Alisema tangu toleo la 6 la Android, mfumo unaoendesha simu kama yangu, la mwaka 2015, simu iliyoachwa bila kuguswa huzilaza programu ili kutunza betri, na baadhi ya simu za bei nafuu huwa kali zaidi ya hapo. Tena kuanzia Android 14 ya mwaka 2023, programu nyingi zinazosakinishwa upya hazipewi ruhusa ya kulia kwa saa kamili mpaka mwenye simu aitoe mwenyewe. Saa ya kuamshia inayokuja na simu haina kizuizi hicho. Akaingia kwenye mipangilio, akaruhusu, akaiondoa programu katika orodha ya zinazolazwa, na tangu siku hiyo inalia.

Basi nikataka kusema kosa ni la simu, na nikawapa nyota tatu. Lakini kadiri ninavyofikiri ndivyo hasira inavyorudi, kwa sababu waliotengeneza programu hii wanaujua utaratibu huo kuliko fundi wa mtaani, na wangeweza kuandika “hatukuweza kukukumbusha” badala ya “dozi imeachwa”. Kati ya maneno hayo mawili walichagua lile linalomtia hatiani mgonjwa.

Naendelea kuitumia kwa ajili ya zile dakika 5, ila ujumbe kwa binti yangu nimeufunga. Zile dozi zilizoandikwa kuwa nimeziacha zingalipo kwenye taarifa yangu, hazifutiki, na mpaka watakapoziondoa nyota ni moja.